Muuguzi Anajibu: «Shemeji hanywi pombe, saratani ya ini imetoka wapi?»

Safari hii nimeziweka pamoja barua za ini. Zimetoka kwa wenzetu wa ughaibuni wanaoishi, kufanya kazi au kuoana na watu wenye asili ya Asia. Kabla ya kustaafu nilikaa miaka mingi kwenye kliniki ya ini huko California, na wagonjwa wetu wengi walikuwa Wachina, Wavietnam, Wakorea na Wafilipino, kwa hiyo hapa sibahatishi. Barua nimezifupisha na majina nimeyaondoa.

Shikamoo Mama Muuguzi. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi San Jose, California. Mume wangu ni Mvietnam, ana miaka 43, aliletwa huku na wazazi wake akiwa mtoto. Baba mkwe alifariki kabla hatujaoana, tukaambiwa ni tumbo. Juzi shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, kaenda hospitali kwa maumivu chini ya mbavu za kulia, akakutwa na saratani ya ini. Hanywi pombe, hata kwenye harusi yetu hakugusa bia. Daktari kasema chanzo ni homa ya ini B (hepatitis B). Ndipo nikaja kujua kuwa baba mkwe naye alikufa kwa ini. Mume wangu hataki kupimwa. Anasema anapima afya kila mwaka na ini lake liko safi. Mama mkwe nikiigusa mada hii anainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo vimeshaoshwa. Mimi nilipokuwa mjamzito niliambiwa sina. Watoto wetu wawili wamezaliwa hapa hapa. Je, huu ni ugonjwa wa ukoo? Na nimwambieje mume wangu bila kumvunjia mama yake heshima? — Mke wa watu, San Jose

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa shemeji.

Huu ugonjwa hukaa ndani ya ukoo lakini haurithiwi. Ni kirusi, na Asia ya Mashariki na Kusini Mashariki njia yake kubwa ni uzazi: mama mwenye nacho humwambukiza mtoto wakati wa kujifungua. Umri wa kuambukizwa ndio unaoamua mengi. Mtoto mchanga akikipata, mara 9 katika 10 kinabaki naye maisha yake yote. Mtu mzima akikipata, mwili kwa kawaida unakishinda. Wanaobaki nacho hawafiki 5 kati ya 100. Ndiyo maana unakuta kaka, dada na mama wote wanacho, na baba pengine naye alikipata kwa mama yake huko nyuma. Wakati mume wako anazaliwa, watoto wachanga wa Vietnam walikuwa bado hawachanjwi. Chanjo iliwafikia nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Sasa hilo la pombe. Kwetu mtu akifa kwa ini, msibani watu wanatazamana: alikuwa mlevi yule. Kwa Wavietnam na Wachina niliowahudumia ni vilevile, na nahisi ndiyo sababu baba mkwe wako aliambiwa ana «tumbo». Lakini kirusi hiki hakihitaji pombe. Kinaingiza kipande cha vinasaba vyake ndani ya vinasaba vya seli ya ini, na mwili unaishi na vita hiyo miaka 30 au 40. Wengi ini linajaa makovu kwanza, lile tunaloita sirosisi, kisha saratani inafuata. Wengine saratani inakuja moja kwa moja bila makovu, na hao ndio wanaotushtua.

Uhusiano huu ulithibitishwa Taiwan. Daktari wa Kimarekani, R. Palmer Beasley, na wenzake waliwafuatilia wanaume 22,707, watumishi wa serikali, wakitumia kumbukumbu za bima kujua nani amekufa na kwa nini. Matokeo yakatoka mwaka 1981: waliokufa kwa saratani ya ini walikuwa 41, na 40 kati yao walikuwa na kirusi cha homa ya ini B. Hatari kwa mwenye kirusi ilikuwa zaidi ya mara 200 ya asiye nacho. Hata sigara na saratani ya mapafu hazijafungamana kwa nguvu hivyo. Na watu waliohama kutoka nchi hizo hawakukiacha kirusi uwanja wa ndege: Marekani, watu wenye asili ya Asia na visiwa vya Pasifiki hawafiki 1 kati ya 10, lakini ndio zaidi ya nusu ya wote wanaoishi na homa ya ini B sugu nchini humo.

Nije kwa mumeo. Anaposema ini lake liko safi, nina hakika hasemi uongo. Kile kipimo cha kila mwaka huwa kinaangalia vimeng'enya vya ini, yaani kama seli za ini zinaharibika wakati huo. Mtu anaweza kuwa na kirusi tangu kuzaliwa na vimeng'enya vikasoma kawaida miaka nenda rudi. Kipimo cha kirusi ni kingine, kinaitwa HBsAg, na daktari asipokiandika kwenye fomu maabara haikifanyi. Nimeona mafaili ya watu waliopimwa damu kila mwaka, kolesteroli imo, sukari imo, HBsAg haimo hata mara moja. Kwa hiyo usibishane naye kuhusu ini. Mwombe jambo moja: aingie kwenye akaunti yake ya kliniki, atafute herufi hizo. Zikiwapo na jibu likiwa hasi, mmemaliza. Zisipokuwapo, hajapimwa.

Na akienda, aombe vipimo vyote vitatu kwa mpigo. HBsAg inasema kama kirusi kipo. Anti-HBs inasema kama ana kinga. Anti-HBc inasema kama mwili umewahi kukutana na kirusi chenyewe, siyo chanjo. Tangu mwaka 2023 mamlaka ya afya ya Marekani, CDC, inashauri kila mtu mzima apimwe hivi vitatu angalau mara moja maishani. Mume wako haombi upendeleo wala hatajwi kwa asili yake. Anafanya kinachotakiwa kwa kila mtu. Mwambie kwa lugha hiyo, wanaume hupenda kuambiwa ni utaratibu.

Akikutwa nacho, msianze kupanga mazishi. Watapima wingi wa virusi kwenye damu na kuangalia kama ini lina makovu. Kuna dawa, tenofovir au entecavir, kidonge kimoja kwa siku. Kwa walio wengi hakikiondoi kirusi, lakini kinakilaza, na hatari ya saratani inapungua sana. Si kila mwenye kirusi anaanzishiwa dawa siku hiyo hiyo. Akianzishiwa, asiache mwenyewe kwa kuwa anajisikia vizuri, maana kirusi kikiamka ghafla kinaweza kulichoma ini lote.

Kitu kisicho na mjadala ni ultrasaundi ya ini kila miezi 6. Kwa wanaume wenye asili ya Asia walio na kirusi, kawaida inaanza wakifika miaka 40, wanawake 50, na mapema zaidi kama kuna mtu wa damu aliyeugua saratani ya ini. Mumeo ana baba na kaka, tena miaka 40 ameshaipita. Ini ndani yake halisikii maumivu. Kinachouma ni ule utando unaolifunika, nao unauma uvimbe ukishakuwa mkubwa wa kuuvuta. Shemeji ameumwa kwanza ndipo akapigwa picha. Uvimbe unaoonekana kwenye ultrasaundi ungali mdogo unaweza kukatwa au kuunguzwa, na wengine wanapandikizwa ini jingine. Zamani madaktari walikuwa wakiwaambia watu «wewe ni mbebaji tu, huna shida», na hao watu wakaenda nyumbani wakalala. Neno hilo sikuwahi kulipenda, na sikuruhusu litumike mbele yangu.

Kama anachoogopa ni kazi, mkumbushe kuwa sheria ya Marekani ya kuwalinda watu wenye ulemavu inawahusu pia wenye homa ya ini B. Mwaka 2013 Wizara ya Sheria iliisimamia hoja hiyo kwa niaba ya wanafunzi waliokataliwa na vyuo vya udaktari kwa sababu ya kirusi hiki.

Wewe mwenyewe: ile «huna» ya kliniki ya wajawazito maana yake kirusi hakikuwapo siku ile. Haisemi kama una kinga. Pima anti-HBs. Kama huna kinga, chanja, na mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho pima tena uone kama imeshika. Mpaka hapo, tumieni kondomu, na mswaki na wembe kila mtu wake. Kulala kitanda kimoja, kubusiana, kula sahani moja, hakuna shida. Watoto waliozaliwa California huenda walichanjwa wachanga. Toa kadi zao, hakikisha dozi zimekamilika, na mumeo akikutwa nacho mwambie daktari wao awapime mara moja.

Mama mkwe nimemweka mwisho kwa sababu yeye ndiye mgumu, na nadhani unakosea ukimwona kama mkaidi. Mwanamke yule alimzika mume, sasa mtoto wake wa kwanza anaumwa, na daktari pengine ameshatamka mbele yake kuwa ugonjwa huu hutoka kwa mama. Fikiria neno hilo linavyotua. Nilikuwa nawaona kina mama wa namna hiyo kliniki: mzee wa Kivietnam na mkoba wake mapajani, kijana wake anatafsiri. Daktari anaeleza dakika tano, kijana anasema maneno mawili, mama anatabasamu na kuitikia kwa kichwa. Nikimwita mkalimani wa hospitali na mazungumzo yakarudiwa upya, tabasamu linaondoka, lakini maswali ya kweli ndiyo yanaanza: na binti yangu wa Houston? na wajukuu? Basi shemeji akirudi kwa daktari, au mama mkwe akienda kwa daktari wake, ombeni mkalimani, ni haki na hakuna malipo. Msimfanye mume wako mkalimani wa msiba wake mwenyewe.

Ukipata nafasi ya kukaa naye, usianzie kwenye kujifungua. Anza na umri wa ujuzi huu. Alama ya kirusi ilionekana mara ya kwanza kwenye damu ya mwenyeji wa asili wa Australia, na Baruch Blumberg aliyeigundua akaiandika mwaka 1965. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Chanjo ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 1981. Taiwan, waliokuwa wa kwanza kuchanja watoto wachanga kitaifa, walianza mwaka 1984, na saratani ya ini kwa watoto wao ikapungua karibu nusu. Mama anayejifungua kijijini kwenye delta ya Mekong angelifanya nini? Na California kuna Fiona Ma, aliyechaguliwa Mweka Hazina wa jimbo mwaka 2018, ambaye amesema hadharani kwamba ana homa ya ini B aliyoipata kwa mama yake wakati wa kuzaliwa. Amesema, na kura wakampa. Jina hilo mama mkwe anaweza kuwa analijua.

Halafu naye apimwe. Hakuna aliyemkumbuka kwenye barua yako, hata wewe.

Habari yako Mama Muuguzi. Natoka Nakuru, sasa niko Oakland, nalea mzee wa Kichina wa miaka 78 aliyetoka mkoa wa Guangdong. Msichana wake ameniambia mzee ana hepatitis B na anatumia dawa inaitwa entecavir. Shida ni kwamba mzee ni mkarimu kupita kiasi: ananichotea samaki kwa vijiti alivyokula navyo, ananitilia supu kwa bakuli lake. Mimi ndiye namnyoa ndevu, na fizi zake hutoa damu akipiga mswaki. Niache kazi? — Mlezi, Oakland

Usiache kazi, na samaki kula. Kirusi hiki hakipiti kwa chakula, maji, vijiti, bakuli, kikohozi wala kushikana mikono. Ukikataa chakula cha mzee wa Guangdong mara mbili atajua ni kwa sababu gani, na hatakutilia tena.

Kinachonihangaisha mimi ni wembe. Kirusi kinaweza kukaa siku 7 nje ya mwili kikiwa bado na nguvu ya kuambukiza, hata kwenye damu iliyokauka usiyoiona. Mwambie msichana wake anunue mashine ya umeme ya kunyolea, iwe ya mzee peke yake, na wewe uvae glavu ukimnyoa na ukimsaidia kusafisha kinywa. Ukiwa na mchubuko mkononi, funika kabla ya glavu. Damu ikidondoka, futa, kisha pitisha jiki: sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji. Ukijichoma au kujikata na kitu chenye damu yake, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, uende hospitali siku hiyo hiyo, maana kuna sindano ya kinga inayofaa zaidi ndani ya saa 24.

Uchanjwe. Kama umeajiriwa na wakala na kazi yako inakukutanisha na damu, kanuni ya Marekani ya usalama kazini ya mwaka 1991 inamtaka mwajiri akupe chanjo hii bila malipo. Wakala wako asijifanye hajui. Ipo ya dozi 3 kwa miezi 6, na ipo mpya ya dozi 2 kwa mwezi mmoja.

Lakini kabla ya chanjo toa damu ipimwe, na hapa nakuomba unisikilize. Unamwogopa mzee, na wewe mwenyewe umezaliwa Kenya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa ya ini B sugu. Milioni 97 wako kanda ya Pasifiki ya Magharibi anakotoka mzee, na milioni 65 wako kanda ya Afrika. Kwetu wengi hukipata wakiwa wadogo, kwa wenzao wa nyumbani, kwenye michubuko ya michezo. Chanjo ya watoto Kenya ilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Na ukichanjwa ukiwa tayari unacho, chanjo haitakidhuru wala haitakutibu, ila utatembea ukijiamini bure. Toa damu, uchanjwe siku hiyo hiyo, majibu yatafuata.

Kuhusu dawa yake, nakupa kazi moja ya ziada ambayo familia nyingi haziijui. Entecavir inamezwa tumbo likiwa tupu: saa 2 baada ya kula na saa 2 kabla ya kula tena. Kama mzee anaimeza na uji wake wa wali wa asubuhi, sehemu ya dawa inapotea. Wengi niliwapangia wakati wa kulala. Hesabu vidonge kila wiki, agizeni vingine kabla havijaisha. Akianza mizizi na majani ya kuchemsha kutoka duka la dawa za Kichina, usimkemee, peleka mfuko wenyewe kwa daktari wake auone. Na uulize ultrasaundi ya mwisho ilikuwa lini. Mzee akizoea kidonge, familia husahau picha.

Mama, mimi ni Mhindi wa Mwanza, Mgujarati, nimezaliwa huko 1964, niko Leicester tangu usichana. Hizi habari za Wachina na Wavietnam zinatuhusu nasi? Hapa hakuna aliyewahi kunipima. — Bibi wa wajukuu wanne

Zinakuhusu, dada. India kirusi hiki kipo kwa kiwango cha kati, chini ya China na Vietnam, lakini wewe hata India tuiweke kando: kuzaliwa Tanzania peke yake kunatosha. Mwongozo wa Uingereza unataka kila aliyezaliwa nchi ambayo watu 2 au zaidi kati ya 100 wana kirusi apewe nafasi ya kupimwa. Mwaka huo wa 1964 mimi na wewe tulidungwa sindano zile za kioo zilizokuwa zikichemshwa kwenye sufuria, na nani aliyekuwa anahesabu dakika? Nenda kwa daktari wako, taja ulikozaliwa, sema unataka HBsAg. Ni bure.

Wajukuu uwaulizie pia. Uingereza ilichelewa: chanjo hii iliingia kwenye ratiba ya watoto wote kwa waliozaliwa kuanzia Agosti 2017, wakati Marekani ilianza kuishauri kwa watoto wote mwaka 1991. Waliotangulia hapo wengi hawana, na ukikutwa nacho, wao na wazazi wao watapimwa na kuchanjwa.

Mume wangu ni Mchina, ana homa ya ini B, yuko kwenye dawa. Dada yangu kaniletea karanga na unga wa dona kutoka Dodoma, nikasikia vinaleta saratani ya ini. Nitupe? — Houston

Angalia kwanza. Kinachotajwa ni sumukuvu, hasa aflatoksini, ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Kwa mtu mwenye kirusi cha homa ya ini B, viwili hivi vikikutana hatari haijumlishwi, inazidishwa; wilaya ya Qidong, karibu na Shanghai, ilisifika kwa saratani ya ini kwa sababu hiyo, na watu wakahamia kwenye wali wakaacha mahindi. Kwetu tunaikumbuka Ukambani mwaka 2004, mahindi yalipoua watu zaidi ya 100 kwa sumu ya ghafla.

Karanga zilizosinyaa, zenye rangi ya kijani au nyeusi, au zinazochacha mdomoni, tupa. Usizikaange ukidhani moto utaisafisha, sumu hii haiishi kwa kukaanga wala kwa kupika. Unga ni mgumu zaidi, kwa sababu ukungu ukishasagwa hauonekani. Kama hujui mahindi yalianikwaje, mumeo asile ugali wa mfuko ule. Mnunulie wa dukani huko, unaopimwa.